Stanslaus na Waya wa Hasi

Ukimsikia Stanslaus Makoye kabla hujamwona, utadhani anakuja mkuu fulani. Sauti inatangulia kutoka ng'ambo ya mashamba ya mpunga, vumbi linafuata, halafu kinatokea kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye uso bapa kama kilijigonga ukutani kikiwa kichanga, na ndani yake mtu mfupi mwenye maiki mdomoni. Ndiye huyo. Mzaliwa wa Tinde, mkazi wa Bugarama, mtangazaji wa misiba, chanjo za kuku, ng'ombe waliopotea na mikutano ya injili. Pale Bugarama na vijiji vya jirani hakuna aliyezikwa bila Stanslaus kupita akilitaja jina lake vibaya.

Kazi yenyewe haina ubaya. Ubaya ni kwamba aliipeleka mpaka nyumbani. Mkewe Nelly, ambaye watu humwita Mama Limi kwa jina la binti yao, aliolewa na mwanamume akajikuta anaishi na gari la matangazo. Asubuhi, badala ya kuulizwa ameamkaje, anasikia: "Tangazo, tangazo! Mama Limi anaombwa, popote alipo, alete maji ya kunawa!" Na Mama Limi yuko pale pale, kata mkononi, anamtazama. Mboga ikipungua chumvi, mtaa mzima ulijua kabla sufuria haijapoa.

Na umeme aliusomea wapi? Hapo ndipo penye kichekesho. Kabla ya kirikuu alikuwa machimboni, mwanaapolo kama wenzake waliokuja kutafuta dhahabu, ila kushuka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, kupasua mwamba hakukumpendeza. Akapewa kazi ya kukaa juu, kwenye swichi ya taa za waliokuwa chini. Wakisema washa, anawasha. Wakisema zima, anazima. Kwa elimu hiyo akajiita injinia. Ukimtajia fundi yeyote, alikunja pua. "Huyo? Huyo ni wa kutengeneza pasi. Mimi nimewasha mgodi."

Basi siku moja akaliona gari la kijana mnunuzi wa dhahabu. Muziki unapiga hadi mabati ya mgahawa yanatetemeka, na nyuma kumefungwa dude linalong'aa, nene kama chupa ya chai, lina namba za buluu zinazopanda na kushuka kwa mdundo. Akauliza ni nini. Akaambiwa ni kapasita: inaweka akiba ya umeme, ili ngoma ikipiga nzito amplifaya isiikamue betri ghafla na taa za gari zisififie. Maneno hayo yote yalipita kama upepo. Kilichobaki kichwani mwake ni namba za buluu.

Akatafuta kapasita, akatafuta na amplifaya mbili, akafunga mwenyewe. Waya aliutoa machimboni, ule mwembamba wanaoufunga kwenye baruti. Waya ule umetengenezwa ubebe umeme mara moja tu, mwamba upasuke, na wenyewe uishie hapo hapo. Yeye akautandaza kutoka kwenye betri, ukapita kwenye tundu la bati bila hata kipande cha mpira, ukalala chini ya kapeti mpaka nyuma kwenye amplifaya. Fyuzi hakuweka.

"Fyuzi ni ya waoga," alimwambia mkewe. "Inakata muziki watu wakiwa kwenye raha."

Nelly si mtu wa kubishana na spika.

Mnada wa Tinde ulipofika walitoka wote watatu, Limi katikati, redio juu. Walipokaribia, mtoto akasema, "Baba, miguu inaungua." Stanslaus akanyakua maiki. "Tangazo, tangazo! Limi anaombwa avumilie, hilo ni joto la injini!" Ni kweli kirikuu injini yake iko chini ya kiti, lakini injini hainuki plastiki. Nelly aliinama, akaona moshi unachungulia pembeni mwa kapeti. Akaivuta breki ya mkono mwenyewe, akamtoa mtoto. Ndala moja ilibaki imeganda sakafuni kama ubani uliotafunwa. Unyayo wa Limi ulitoka lengelenge.

Nelly hakupiga kelele, na hilo lilipaswa kumtisha mwanamume yeyote mwenye akili. Alimweka Limi mgongoni, akasimamisha gari la kwanza lililokuwa linaelekea Kahama, na kutoka Kahama akaenda kwao Ushetu. Stanslaus alibaki kando ya barabara, anapepea moshi kwa kofia na kuwaeleza wapita njia kwamba mwanamke hajui ufundi.

Siku zilipopita bila mke wala mtoto, simu ikalia. Ni mkwewe, Mzee Charles, mkulima wa tumbaku, mtu wa maneno machache.

"Mkwe, mwenzio anasema hivi. Limi hapandi gari lile, na wala yeye harudi, mpaka waya zote zitolewe zifungwe upya. Na afunge Kalisti wa Kahama. Siyo wewe. Umesikia hapo? Siyo wewe."

"Nimesikia, baba."

"Narudia?"

"Hapana, baba."

Kalisti huyo alikuwa Mfipa aliyekuja kufuata dhahabu akaishia kufuata waya. Anafunga mifumo ya umeme na muziki wa magari, kibanda chake hakiko mbali na stendi. Kwa ufundi hana mpinzani, kwa mdomo ndiyo kabisa. Mteja kwake ni mtu aliyekuja kutukanwa. Isitoshe ana maringo ya Kiswahili: wenzake wote wakisema "poziti" na "nega", yeye husema chanya na hasi, na ukimjibu kwa "nega" anakuacha umesimama.

Stanslaus alifika saa wateja wamejaa. Kalisti alimzidi umri kwa mbali, lakini shikamoo ilimkwama kooni.

"Habari ya kazi, fundi."

"Nzuri. Watu kama wewe mkizidi itakuwa nzuri zaidi." Kalisti alikuwa tayari ameshafunua kapeti. "Nani kafunga hii?"

"Kuna kijana mmoja."

"Kijana huyo alitaka kupiga muziki au kupasua mwamba?"

Wateja wakacheka. Stanslaus akacheka nao, kwa sababu alikuwa anamcheka yule kijana.

"Sikiliza wewe, umpelekee salamu kijana wako," Kalisti alisema. "Chanya inataka waya mnene. Amplifaya zinakula umeme kama harusi. Fyuzi inakaa karibu na betri kama pua na mdomo. Ukiiweka mbali, waya wote ulioko kabla yake unaweza kuungua na fyuzi inaangalia tu. Waya ukipita kwenye tundu la bati, uvalishwe mpira, maana bati ni kisu. Kapasita huibandiki hivi hivi, itakutemea cheche mpaka usahau jina lako. Unaijaza polepole, unapitishia umeme kwenye balbu. Na siku ya kuitoa, unaimaliza nguvu kwa balbu vile vile, maana betri ukishaitoa yenyewe bado imeshiba. Tumeelewana?"

"Hayo nayajua."

"Halafu hasi. Wengi mnakufa kwenye hasi. Mnahangaika na chanya, hasi mnaitupa popote. Hasi lazima ishike. Isiposhika hasi, huna muziki, una jiko."

"Hasi ishike," Stanslaus alirudia.

"Ishike kisawasawa. Acha gari, uje kesho."

"Kesho? Fundi, mimi ni injinia mwenzio, hebu nipe tu vifaa…"

"Mwenzangu?" Kalisti alinyoosha mgongo. "Wewe mwenzako ni kengele ya shule. Inagongwa, inalia, haijui ni saa ngapi."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka stendi. Stanslaus akapanda kirikuu akaondoka, na kabla hajamaliza mji alikuwa ameshaamua. Kufungiwa na yule Mfipa? Maneno yote amekwisha kuyasikia. Kilichobaki ni mikono, na mikono anayo miwili.

Na tumpe haki yake, safari hii mengine aliyashika. Alipata waya mnene. Fyuzi aliiweka karibu na betri. Lakini alipofika kwenye hasi, hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa neno moja.

Stanslaus ni Msukuma. Hasi aliyoijua tangu ananyonya ni ile ya nyumbani kwao. *Igasha hasi*, kaa chini. Hasi ni chini, ni ardhini, pale unapokanyaga. Kalisti aliposema hasi lazima ishike, alikuwa na maana ya upande wa pili wa betri: waya mfupi, mnene, ukazwe kwenye bodi ya gari pale palipokwanguliwa rangi, umeme upate njia ya kurudi. Stanslaus akasikia kwamba umeme lazima ushike chini. Akafikiri kidogo, na kufikiri kwake kukampeleka kwenye malori ya mafuta yanayopita Kahama kwenda Rwanda. Si yana mnyororo unaoburutwa barabarani? Ndiyo! Wenye malori wanajua hasi. Kalisti alitaka kumficha.

Akatafuta mnyororo wa kufungia ng'ombe. Amplifaya na kapasita akazipigilia kwenye ubao, hasi zao zote akazikaza kwenye kichwa cha mnyororo, akatoboa tundu sakafuni, akaushusha mpaka ukalala mavumbini. Kisha akakumbuka habari ya mpira. Akakata mpira wa ndani wa tairi, akauzungushia ule mnyororo pale unapopita, usiguse bati hata chembe, hasi isije ikaibiwa na bodi ya gari. Yaani kitu pekee kilichotakiwa kugusa bodi, ndicho alichokivalisha koti.

Waya za sauti zinazotoka kwenye redio alizichomeka mwisho. Zilipiga cheche ndogo, kama kibiriti.

"Salamu hiyo," alisema, akawasha.

Na muziki ukapiga! Hapa ndipo shetani huwasaidia watu wa aina hii. Umeme ukikosa njia ya kurudi hauketi ukalia. Unatafuta. Ulikuwa umekuta ule uzi mwembamba wa kwenye waya wa sauti, ukapita humo mpaka kwenye redio, na kutoka redio ukaingia kwenye bodi. Mzigo wa punda umebebeshwa kifaranga. Spika zilitoa mlio wa mbu nyuma ya muziki, na ukikanyaga mafuta mbu anapanda sauti. Stanslaus akasema chini pamekauka. Akaanza kutembea na dumu la maji. Kila kituo cha tangazo alishuka, akamwaga maji pale mnyororo ulipogusa, akarudi kwenye maiki. Watu wa Bugarama walitoka nje kutazama.

"Stanslaus, unamwagilia gari? Litaota?"

"Hamjui hasi nyie. Kaeni na ujinga wenu."

"Basi liwekee na mbolea!"

Siku aliyoona imefaa akalisha gari mafuta, akajaza dumu, akaenda Ushetu kumchukua mkewe.

Kwa Wasukuma, mwanamume aliyemkosea mkewe haingii ukweni kwa vishindo. Gari analiacha mbali, anaingia kwa miguu, anakaa anapoonyeshwa, anasema kwa sauti ya chini na macho yake hayamtafuti mama mkwe. Stanslaus aliingia na spika nne zikiwa wazi, muziki wa ngoma, mnyororo unachora mstari kwenye uwanja uliofagiliwa. Mama mkwe, Mbuke, aliyekuwa anafunga majani ya tumbaku mbele ya bani la kukaushia, aliinuka akaingia ndani ya bani. Majirani wakaja na mikono yao myeusi ya utomvu wa tumbaku, maana nani atabaki shambani kukiwa na kituko?

"Mwadila, baba," alimwamkia Mzee Charles kwa Kisukuma.

"Mwadila. Hebu zima hilo."

Akapunguza. Nelly alitoka amemshika Limi mkono. Mtoto alikuwa anakanyaga vizuri sasa, lakini alipoliona gari alijificha nyuma ya kanga ya mama yake. Stanslaus aliliona hilo. Aliliona, na mtu mwingine angetumia nafasi ile kunyamaza.

"Amefunga Kalisti?" Nelly aliuliza.

"Kalisti."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa mikono yake. Fyuzi ile pale. Waya tazama unene wake, kama mchi."

Nelly aliitazama fyuzi, akautazama waya, na uso wake ukalegea kidogo. Stanslaus angeishia hapo, huenda wangerudi wote siku ile. Lakini alikuwa na msamaha wa kuomba, na kwa maoni yake msamaha bila maiki ni kunong'ona. Akapandisha sauti mpaka mwisho.

"Tangazo, tangazo! Familia yote ya Mzee Charles, na wakulima wote wa tumbaku walioko karibu, mnatangaziwa kwamba mimi Stanslaus Makoye, leo hii, namwomba radhi Mama Limi…"

Mbu alilia. Kisha mbu akageuka nyuki. Redio ikazimika, na kutoka pale ilipokaa ukatoka moshi mweupe, mwembamba, unaonuka kama plastiki ya ndala. Limi alipiga yowe moja akakimbia.

Na injinia alifanya nini? Alichukua dumu, akakimbia nyuma, akaanza kumwagia mnyororo maji!

Nelly ndiye aliyekwenda kwenye betri. Akaichomoa fyuzi kwa vidole, moshi ukapungua, ukakata. Akageuka kumtazama mumewe aliyeinama na dumu tupu katikati ya tope lake mwenyewe.

"Baba Limi, mnyororo wa nini?"

"Hasi," alisema. "Imekauka. Hasi lazima ishike."

Mzee Charles alikuna kidevu. "Lakini binti yangu, kwani hasi si chini? Hapo mwenzio hajakosea."

"Baba, hiyo ni hasi ya kwetu. Hasi ya betri ni upande wake wa kurudisha umeme. Hata ile sola yetu pale juu imeandikwa. Inafungwa kwenye gari, haifungwi kwenye shamba." Akamgeukia tena Stanslaus, na sasa sauti yake ikashuka. "Huu mnyororo kaufunga Kalisti?"

Ndani ya bani mama mkwe alikuwa anacheka, alijaribu kujizuia, akashindwa. Majirani wakafuata. Mmoja akauliza kama ng'ombe wa mnyororo huo naye ni wa hasi au wa chanya. Stanslaus alifungua mdomo. Hakukuwa na maiki. Bila maiki sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mtu angedhani.

"Mimi mwenyewe," alisema.

"Waya ungekosewa na Kalisti ningesema fundi kakosea," Nelly alisema. "Ila umenitazama usoni ukanidanganya juu ya miguu ya mwanao."

Hakumfukuza. Aliingia ndani, akavaa viatu vya safari, akamkabidhi Limi kwa bibi yake. Akapanda kirikuu, ile fyuzi bado iko mkononi mwake, na waya wa kuwashia gari ulikuwa mwingine, kwa hiyo gari liliwaka vizuri, bubu.

"Twende," alisema. "Sirudi kwako. Naenda kwa Kalisti."

Kalisti alipouona mnyororo alivua kofia. Alimwita fundi wa jirani aje aone, na yule wa jirani akamwita wake. Walichuchumaa kuuzunguka kama watu waliokuta nyoka wa ajabu. "Na mpira ameuvalisha!" Kalisti alisema, machozi yakimtoka. "Mpira! Nilisema mpira, jamani, ushahidi upo!" Lakini Nelly alimwambia acheke akimaliza kazi, na Kalisti, ambaye hakuwahi kuamriwa na mteja, alifunga mdomo akashika tupa.

Akakwangua rangi ya bodi mpaka bati likang'aa jeupe. Akakaza hasi fupi, nene. Akatoa redio iliyoungua pamoja na waya wake wa sauti, akatia vingine. Ilipofika zamu ya kapasita akaipitishia umeme kwenye balbu, na Nelly akasogea karibu. Balbu iliwaka kali, ikawa ya rangi ya chungwa, ikafifia taratibu mpaka ikazima. "Imeshiba," Kalisti alisema. Stanslaus, aliyekuwa amesimama pembeni, alikuwa tayari anamweleza mwendesha bodaboda mmoja kwamba hilo la balbu yeye alilijua zamani.

Muziki ukawashwa mpaka mwisho. Mbu hakuwepo. Nelly aliushika waya kwa kiganja, kuanzia betri mpaka nyuma, kipande kwa kipande. Ulikuwa wa baridi.

"Fundi," alimwuliza Kalisti, wala hakumwangalia mumewe. "Wewe ungempandisha mwanao humu?"

Kalisti alifuta mikono, akafikiri.

"Kwenye gari hili, ndiyo. Kwa dereva huyu, mama, unanionea."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nelly alirudi Bugarama, na Limi pia, lakini walirudi kwa basi dogo la Ushetu. Kirikuu kilibeba magunia, godoro na kuku wawili wa bibi, kikaja nyuma ya basi njia nzima kikimeza vumbi lake. Limi alipanda kwenye kiti cha mwisho akamwona baba yake kupitia kioo, akampungia. Stanslaus akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti, akaonekana anasema jambo refu na la maana. Kwenye basi hakuna aliyesikia hata neno.